Kadi 245 badala ya 214: kisa cha noti za jiolojia, Lubumbashi

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha tangu saa sita. Mdogo wangu alifika nyumbani Katuba amelowa, lakini karatasi yake ya interro, yaani jaribio la darasani, ilikuwa kavu kabisa, aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Ni mtoto wa mama mdogo. Anasoma jiolojia, mwaka wa tatu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Hakuketi. Aliweka karatasi mezani, akaweka simu juu yake, akasema, akiniita yaya kama mkubwa wake: “Yaya, angalia. Hizi kadi zako ziko zinanidanganya.”

Swali la tatu la interro lilitaka kiasi cha shaba ndani ya sampuli ya chalcosine safi. Chalcosine ni Cu2S, atomu mbili za shaba kwa moja ya salfa, na kwa uzito shaba inafikia karibu asilimia 79.9. Yeye aliandika CuS, akapata asilimia 66.5. Nilipitia hesabu yake mstari kwa mstari na sikuona kosa. Alihesabu vizuri kabisa, ila alihesabu madini mengine: CuS ni covelline.

Fomula hiyo hakuibuni. Aliikariri kwenye kadi niliyoitengeneza mimi kutoka noti zake. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa hilo tulikuwa tumekwisha kuligundua na kulisahihisha Jumamosi, siku tano kabla ya interro. Faili lilikuwa sahihi. Bunda jipya la kadi lilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe aliliingiza kwenye simu yake Jumamosi ileile jioni. Bado Alhamisi mkono wake uliandika CuS.

Naeleza kisa hiki chote, pamoja na amri na mistari ya programu, kwa sababu ninajua wanafunzi wengine wanaofanya kama tulivyofanya, na kosa letu halionekani kirahisi. Halitoi ujumbe wowote. Programu inamaliza kazi, inanyamaza, na wewe unaamini.

Tulivyoanza

Mwezi wa kwanza mdogo wangu alikuja na daftari lenye madini yote ya kozi yao: fomula, ugumu, rangi, mahali yanapopatikana hapa Katanga. Wenzake watano walikuwa wanalipiga picha kurasa kwa kurasa na kutumiana. Mmoja akisahihisha kitu kwenye picha yake, wengine hawajui. Nikamwambia tuziweke noti hizo kwenye faili moja la maandishi, kisha faili hilo lizalishe kadi za maswali kwa simu zote sita.

Kadi za namna hii zina mzizi mrefu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: kumbukumbu inashuka haraka mwanzoni, kisha polepole, na kurudia kwa kupeana nafasi kunaifanya ishike. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland aliigeuza hekima hiyo kuwa kanuni ya kompyuta, SM-2, inayoamua kila kadi irudi baada ya siku ngapi kulingana na jinsi ulivyoijibu. Programu ya Anki, iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006, ilijengwa juu ya kanuni hiyo. Jina lenyewe ni neno la Kijapani la kukariri. Kwa simu za Android kuna AnkiDroid, ya bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Hapa kwetu jambo hilo lina uzito. Umeme ukikatika jioni mtaa mzima, na mega zimeisha, simu yenye chaji kidogo inatosha kupitia kadi arobaini gizani.

Ningeweza kumwacha aandike kadi moja moja kwenye simu. Lakini simu sita, kadi zaidi ya mia mbili, na noti zinazosahihishwa kila wiki mwalimu anapoendelea na kozi? Nilitaka mahali pamoja pa kusahihisha. Nikachukua genanki, maktaba ya lugha ya programu ya Python, yaani mkusanyo wa mistari ya programu iliyokwisha kuandikwa, inayotengeneza mabunda ya Anki bila Anki yenyewe kuwepo kwenye kompyuta. Faili la noti lilikuwa hivi, kila mstari kadi moja:

Malachite, formule? | Cu2CO3(OH)2 | carbonates
Chalcosine, formule? | CuS | sulfures
Chalcopyrite, formule? | CuFeS2 | sulfures
Hétérogénite, formule? | CoO(OH) | oxydes
R.A.T.? | Roches argilo-talqueuses | roan

Tulichagua mstari wima kutenganisha swali na jibu kwa kuwa koma na nukta mbili zimejaa ndani ya noti zenyewe. Skripti, yaani programu fupi niliyoiandika, inasoma mstari, inaukata vipande vitatu, inatengeneza kadi, na mwishoni inafunga bunda zima ndani ya faili moja. Amri yenyewe ni fupi:

python3 kadi.py madini.txt madini.apkg

Faili la .apkg tulilirusha kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu. Siku ya kwanza kulikuwa na taabu ndogo ya herufi: neno “dureté” lilitokea kama “duretÃ©” kwa sababu kompyuta moja ya kwao ilisoma faili la UTF-8, mpangilio wa herufi wa sasa, kana kwamba ni la mpangilio wa zamani. Kuhifadhi kwa UTF-8 na kumwambia Python asome kwa UTF-8 kulimaliza hilo, na sitalirudia.

Kadi 214, simu sita. Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha msaidizi wa maabara akawapitishia noti, wakaona makosa: fomula zilizopishana, ugumu ulionakiliwa vibaya, majina mawili yaliyobadilishana nafasi. Jumla tulirekebisha mistari 31. Jumamosi nikaendesha amri ileile, bunda jipya likatoka, simu nne zikaliingiza. Mbili zilibaki na la zamani, wenyewe walikuwa wamesafiri.

Tulichokiona

Nilianza kwa kutomwamini mdogo wangu, na nasikitika kwa hilo. Nilidhani hakuingiza bunda jipya. Nikafungua AnkiDroid kwenye simu yake kuangalia idadi: kadi 245.

Nilikaa kimya. 245 kutoa 214 ni 31. Ndiyo hesabu ya mistari tuliyoisahihisha, bila kuzidi wala kupungua.

Nikatafuta neno “Chalcosine” kwenye orodha ya kadi. Zilitokea mbili. Moja ilisema CuS, ya pili Cu2S. Ile ya CuS ilikuwa imejibiwa mara sita ndani ya wiki tatu, na tarehe yake ya kurudi ilikuwa mbele kwa siku kumi na moja. Ile ya Cu2S ilikuwa haijawahi kuonyeshwa hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mkono wake uliandika alichoandika, na ningependa msomaji aone jinsi utaratibu mzuri kabisa ulivyomdhuru. Anki ina mipaka ya kila siku. Usipoibadilisha, kadi mpya ni 20 tu kwa siku, na zinakwenda kwa foleni. Kadi sahihi ziliingia kama kadi mpya, 31 kwa mpigo, zikajipanga nyuma ya kadi nyingine mpya ambazo mdogo wangu alikuwa hajazifikia. Kadi yenye kosa haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kukaa, ilikuja siku yake ilipofika, Jumatatu ya wiki ya interro, akaijibu “CuS”, programu ikampongeza kwa kuisogeza mbele zaidi. Kosa lilikuwa na ukongwe, na ukongwe ndani ya programu hii unapewa nafasi. Usahihi ulikuwa mgeni mlangoni.

Swali likabaki: kwa nini kusahihisha mstari kulizaa kadi ya pili badala ya kubadilisha ya kwanza?

Faili la .apkg ni kifurushi cha zip, na ndani yake mna hifadhidata ya SQLite. Nilikuwa bado nina bunda la kwanza kwenye flashi. Nikayafungua yote mawili na kuuliza jina la ndani la kadi hiyo kwa kila bunda:

sqlite3 collection.anki2 "select guid, flds from notes where flds like 'Chalcosine%'"

Kila noti ndani ya Anki ina jina la siri, guid, ambalo mtumiaji halioni. Ukiingiza noti yenye guid ambayo tayari ipo, na ni ya aina ileile, Anki inaandika mpya juu ya ya zamani na kuiacha historia yako ya majibu kama ilivyokuwa. Ukiingiza noti yenye guid isiyojulikana, inaipokea kama mgeni. Kwenye bunda la kwanza chalcosine ilikuwa na jina moja, kwenye la pili jina lingine kabisa. Malachite, ambayo hatukuigusa, ilikuwa na jina lilelile kwenye yote mawili.

Usipoipa genanki guid mwenyewe, inaikokotoa kutokana na maneno yote yaliyo ndani ya kadi, swali pamoja na jibu. Ongeza “2” moja kati ya Cu na S, na kadi imekuwa nyingine. Waliotengeneza maktaba hiyo wameeleza jambo hili waziwazi kwenye maelezo yao. Mimi nilisoma sehemu ya kuanzia, nikaona kadi zinatoka, nikaacha kusoma. Kosa ni langu.

Kulikuwa na jambo moja nililolifanya sawasawa tangu mwanzo: namba ya bunda na namba ya aina ya kadi niliziandika ndani ya skripti zikae daima. Ningeziacha zibuniwe upya kila mara, hata hizo kadi 183 ambazo hatukuzigusa zingekuwa hatarini.

Namba ya jiwe

Nilimweleza mdogo wangu hayo yote huku mama akituletea bukari na sombe. Nilikuwa ninatafuta njia ya kumfanya aelewe jina la siri ni nini. Hakuhitaji. Alimega tonge, akalishika hewani bila kulichovya.

“Yaya, lakini kwetu kwenye maabara jiwe liko na namba. Tunaliandika na rangi nyeupe, juu yake wino. Leo tunasema ni chalcosine, kesho tukiona ni covelline, tunabadilisha kwenye daftari. Namba haiguswi. Sasa wewe ulikuwa unalipa jiwe namba kufuatana na vile tunalifikiria?”

Ndivyo nilivyokuwa nafanya.

Nimeshawahi kuona masanduku yale ya mbao wanayofundishia. Kila jiwe lina doa dogo jeupe, na juu ya doa namba ya wino mweusi. Kuna jiwe la kijani ambalo limebadilishiwa jina mara mbili kwenye daftari la maabara, kwa mwandiko wa watu wawili tofauti, na doa lake ni lilelile. Watu waliolishika wote waliweza kukosea na kusahihishana kwa sababu walikuwa na hakika wanazungumzia kitu kimoja. Kadi zetu hazikuwa na doa. Zilikuwa na maelezo tu, na maelezo yalipobadilika hapakuwa na kitu cha kusema “ni lile lile”.

Kwa hiyo tukaamua: kila mstari wa noti uwe na namba, na jina la kadi litokane na namba hiyo, lisitegemee hata herufi moja ya kilichoandikwa ndani.

Njia rahisi ingekuwa kuanza upya: futa bunda zima kwenye simu zote sita, ingiza jipya lenye namba. Mdogo wangu alikataa, na alikuwa na haki. Wiki tatu za majibu zimo mle ndani. Watu sita wameamka asubuhi na kujibu kadi kabla ya kwenda darasani. Programu inajua kila mmoja wao anasumbuliwa na nini. Kufuta hayo ili mimi nisafishe kosa langu ingekuwa kuwatoza wao.

Tulipitia njia nyingine, na ninaamini ndiyo sehemu yenye faida zaidi ya kisa hiki kwa mtu ambaye tayari ameshaingia kwenye shimo hili. Majina ya zamani hayakupotea. Yanaweza kukokotolewa tena, maadamu una faili la kwanza kama lilivyokuwa, pamoja na makosa yake. Nilikuwa nalo. Nikaandika skripti fupi iliyosoma faili hilo la kwanza, ikaipa mistari namba kuanzia 001 hadi 214 kwa mfuatano, na kwa kila mstari ikakokotoa guid ileile ambayo genanki iliitoa siku ya kwanza: genanki.guid_for(swali, jibu). Matokeo yakaenda kwenye faili la pili, namba.tsv, lenye safu mbili tu, namba na jina la zamani. Chalcosine ikawa 058, na mbele yake lile jina lililozaliwa kutokana na “CuS”. Fomula ilikuwa ya uongo, lakini jina lililotokana nayo sasa ni doa jeupe tu, halidai kusema lolote juu ya jiwe.

Kwa nini faili mbili? Nilijaribu kwanza kubandika majina hayo moja kwa moja ndani ya faili la noti. Guid za genanki zina alama za kila aina, mstari wima ukiwa mmojawapo, na mstari wima ndio tuliotumia kukata. Mistari kadhaa ilikatika pabaya. Kwa hiyo faili la noti likabaki na namba anayoweza kuisoma mtu:

058 | Chalcosine, formule? | Cu2S | sulfures

na skripti ikawa inatafuta jina kwenye faili la pili:

kadi = genanki.Note(model=aina, fields=[swali, jibu], tags=[kundi], guid=majina[namba])

Angalia kwamba namba haikuingia kwenye fields. Ningeiweka humo, aina ya kadi ingekuwa na nafasi tatu badala ya mbili, na Anki inakubali kuandika juu ya noti ya zamani pale tu aina zinapofanana. Tungerudi tulikotoka.

Alama iliyomeza madini

Tulipokuwa tunapitia mistari yote na namba zake, tulikuta kadi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeilalamikia. Swali: panga kwa ugumu, kuanzia laini. Jibu kwenye faili: talc<gypse<calcite<fluorite. Jibu kwenye simu: talc.

Maandishi ya kadi za Anki yanasomwa kama ukurasa wa HTML, lugha ya kurasa za intaneti. Alama ya “ndogo kuliko” ikifuatwa na herufi, msomaji wa HTML anadhani ni mwanzo wa tagi, na anaficha kila kitu mpaka akutane na alama ya kufunga. Gypse, calcite na fluorite zilimezwa. Wanafunzi sita walikuwa wakijibu “talc, gypse, calcite…”, wanaona “talc”, wanasema moyoni jibu limefupishwa, wanabonyeza kwamba wamepata. Hawakuwa na kosa. Hata hivyo mtu anayeanza bila kujua mfuatano wa Mohs angefundishwa kwamba jibu ni talc peke yake.

Dawa yake ni html.escape, inayogeuza alama hiyo isisomwe kama tagi, juu ya swali na jibu kabla ya kuvitia kwenye kadi. Lakini fikiria tungeifanya kwa mtindo wa zamani: dawa inabadilisha maandishi, maandishi yanabadilisha jina, na kadi nyingine zinazaliana. Kila marekebisho mema yangeongeza fujo. Baada ya namba, mstari huo ulibadilika na haukuzaa kitu.

Kadi iliyovunjika

Kulikuwa na kadi moja niliyoichukia tangu mwanzo, namba 131. Swali lilikuwa “Le Katanguien?”, yaani tabaka za miamba ya Katanga, na jibu lilijaza mistari kumi na nne kwenye skrini. Skripti haikuona tatizo. Kwake mstari ni mstari. Mdogo wangu alikiri kwamba kila ikitokea anaikodolea macho, anajisemea “najua”, anapita. Kadi ya namna hiyo haimuulizi mtu kitu. Chombo kinahamisha noti kutoka faili kwenda simu, lakini kukata noti katika maswali ni kazi ya mwenye kusoma, na nimeona watu wakiingiza silabusi nzima kwa amri moja halafu wakashangaa hawakumbuki lolote.

Tuliikata vipande vinne. Makundi matatu ya Katanguien kutoka chini kwenda juu ni yapi? Roan, Nguba, Kundelungu. Lipi lilikuwa likiitwa Kundelungu ya chini? Nguba. R.A.T. iko kwenye kundi gani? Roan. Shaba na kobalti ya tabaka la Mines iko kwenye kundi gani? Roan pia, na hilo ndilo alilokuwa akilisahau, ingawa ndilo lililoujenga mji huu. Kiwanda cha kwanza cha kuyeyusha shaba hapa kilianza mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa, na mkoa mzima uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997.

Vipande vinne, na namba moja. Nani arithi 131? Nilikuwa tayari kutoa namba mpya kwa vyote. Akanizuia tena kwa desturi ya maabara: jiwe likivunjika, kipande kikubwa kinabaki na namba. Swali la makundi matatu likabaki 131, pamoja na historia yake, na mengine yakawa 215, 216 na 217, yakipata majina yao kutokana na namba.

Jumamosi uani

Wote sita walikuja kesho yake. Umeme haukuwepo tangu asubuhi. Kompyuta yangu ilikuwa na chaji ya saa moja na nusu, inatosha. Tuliketi uani chini ya mwembe.

Kwanza tulipaswa kuondoa zile kadi 31 za ziada, kwa simu nne zilizozipokea. Zingebaki, chalcosine mbili zingesema sasa kitu kimoja, na mtu angejibu mara mbili bila sababu. Anki inaweza kutafuta kwa umri wa kadi: ukiandika added:7 kwenye orodha ya kadi, inaonyesha zilizotengenezwa ndani ya siku saba. Bunda la kwanza lilikuwa na wiki nne, la pili siku saba kamili. Niliandika added:8 ili nisikose kwa saa chache. Nikawaambia kabla ya kufuta kitu: hesabu lazima iwe 31. Ikiwa nyingine, niite.

Simu tatu zilionyesha 31. Tukachagua zote, tukafuta, idadi ikarudi 214. Tukaingiza bunda la tatu: 217. Chalcosine ikatokea moja tu, Cu2S, na historia yake ya majibu sita ikiwa bado imekaa. Mdogo wangu mwenyewe aliirudisha kadi hiyo mwanzo kabisa, ili imwulize kila siku. Alisema majibu yale sita yalikuwa ya jiwe lingine. Simu mbili ambazo hazikupata bunda la pili hazikuhitaji kufutwa chochote, zilikwenda kutoka 214 hadi 217 moja kwa moja.

Simu ya mwisho ilionyesha 32.

Mwenyewe ni kijana mpole, kati yao ndiye anayezungumza kidogo zaidi. Nilimwomba tuangalie pamoja moja baada ya nyingine. Thelathini na moja tulizijua. Ya thelathini na mbili ilikuwa ameiandika yeye mwenyewe, kwa kidole, Jumapili iliyopita, siku nne kabla ya interro. Upande wa mbele: “Chalcosine: Cu2S ao CuS?” Upande wa nyuma: “Kadi ziko mbili, zinagombana. Kumuuliza yaya wa kompyuta.”

Yeye alikuwa ameshapitia kadi zake zote mpya, kwa hiyo foleni yake ilikuwa tupu na ile sahihi ilimfikia mapema. Aliziona zote mbili siku moja. Hakuwa na namba yangu, akaona haya kuiomba, akaandika kadi ili asisahau kuuliza. Kwenye interro aliandika Cu2S.

Mdogo wangu alisoma kadi hiyo, akaipitisha kwa wengine bila kusema neno. Nikamuuliza kijana kama anataka tuibakize. Aliangalia faili la noti kwenye kompyuta, akaona chalcosine ya 058 na fomula yake, akaichagua kadi yake na zile nyingine 31, akazifuta mwenyewe. Kisha akatoa simu ya pili mfukoni, ya dada yake, akaniomba nimwandikie namba yangu humo.